Kioo Kilikuwa Kimeonyesha Dhoruba

Barabara ya taifa namba 27 ikiwa shwari, Marabo huishi kwa barabara. Malori ya kutoka Komanda husimama hapo kabla ya kuendelea Bunia, wamama wauza ndizi huyazunguka, vijana wa pikipiki huita abiria wa kwenda Nyankunde. Siku waasi wa ADF au vikundi vya wenye silaha vya Irumu vinapovamia, magari hulala yalipo. Hapo ndipo familia yenye mgonjwa, mwalimu aliyeitwa kwenda Kinshasa na mfanyabiashara ambaye mali yake imekwama Beni hugeukia kiwanja cha ndege cha Bunia. Kwa watu wa Ituri ndege iliacha kuwa anasa miaka mingi iliyopita. Ni njia iliyobaki baada ya njia nyingine kufungwa, na wengi wanaoipanda hawakuichagua kwa raha.

Kwa sababu hiyo gazeti hili lina haki ya kuuliza kinachoendelea ndani ya pua na mkia wa ndege hizo. Ndani mle kuna rada ya hali ya hewa, redio za mawasiliano, transponda inayoijibu rada ya ardhini, kompyuta inayopima umbali wa milima, mtambo unaoweza kuongoza ndege bila mkono wa rubani, vinasa vya sauti na vya safari, na redio ndogo ya kuita msaada ndege ikianguka. Vyombo hivi vimefika hata kwenye ndege ndogo zinazotua juu ya udongo, na vingi vinafanya kazi yake vizuri kuliko sisi tunavyofanya yetu. Tunachosema leo ni hiki: kila chombo cha namna hiyo kina mtu mwenye jina na mshahara anayepaswa kukisikiliza, kukipa taarifa sahihi, kukikagua au kukiandikisha. Katika anga la Kongo mtu huyo mara nyingi hayupo kazini hata kama amekaa kwenye kiti chake.

Tarehe 4 Aprili 2011 ndege aina ya CRJ-100 ya kampuni ya Georgian Airways, iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa, ilitoka Goma, ikapitia Kisangani, ikaelekea N'djili, Kinshasa. Ilibeba watu 33. Ilipoukaribia uwanja, mvua ya dhoruba ilikuwa imetanda. Marubani waliendelea kushuka, wakaamua kupaa tena, na wakati huohuo upepo mzito wa kushuka ukaibamiza ndege chini. Alinusurika mtu mmoja.

Uchunguzi wa Kongo ulieleza nguvu ya upepo ule, kisha ukasema jambo zito kuliko upepo. Hali ile mbaya ilikuwa inaonekana kwenye rada ya ndege yenyewe, mbele ya macho ya marubani, na uamuzi wa kuendelea kushuka ukatajwa kuwa haukustahili. Rada hiyo hukaa puani mwa ndege, nyuma ya kifuniko kinachopenywa na mawimbi. Hurusha mawimbi mbele, matone ya mvua huyarudisha, na kioo kilicho mbele ya rubani hupakwa rangi kulingana na wingi wa maji yaliyomo winguni: kijani kwa mvua nyepesi, njano kwa nzito, nyekundu kwa mahali ambapo ndege haina biashara. Nyekundu haihitaji digrii kusomeka. Wachunguzi walitaja pia kwamba N'djili haikuwa na mitambo ya kutosha ya kuigundua na kuifuatilia hali kama hiyo. Kwa hiyo ndege ilisema, rubani hakusikia, na uwanja mkuu wa nchi haukuwa na sauti ya kumkatalia.

Miaka minne kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala ikiwa na watu 114, kukiwa na mvua ya radi. Muda mfupi baada ya kupaa, kapteni aliamuru mtambo wa kuendesha ndege wenyewe uwashwe. Haukuwashwa, na hakuna aliyetazama paneli kuhakikisha kwamba umeshika. Kwa karibu dakika nzima ndege ilikuwa haiongozwi na mtu wala mashine, ikiinama polepole upande wa kulia ndani ya giza, mpaka ikaporomoka kwenye kinamasi cha mikoko. Hapakuwa na hitilafu ya mtambo. Kilichokosekana ni desturi ya kila siku ambayo kila rubani hufundishwa shuleni: mmoja anatamka, mwenzake anatazama, anajibu. Gazeti hili linamtaja jirani huyu kwa sababu kampuni ile ni kubwa, ndege ilikuwa mpya, na bado kuachwa kwa wajibu mdogo kuliko wote kukaua watu wote.

Hatusemi marubani ni wazembe kwa asili. Wengi wanaoruka Ituri wanajua mawingu ya mchana wa Bunia kama mkulima anavyojua shamba lake. Tunawasema wale wanaowaajiri. Rubani akiona nyekundu mbele akageuza ndege kurudi Bunia, mafuta yameungua, abiria wamekasirika, mwenye ndege amepiga simu. Rubani huyo akilaumiwa mara mbili, mara ya tatu atapita. Ni wajibu wa kila kampuni inayotua hapa kuandika kwenye kitabu chake cha kazi, na kukitii, kwamba aliyerudi kwa ajili ya dhoruba haulizwi hasara. Na mamlaka ya anga ya nchi, AAC, ikifika kukagua kampuni, ianze na ukurasa huo kabla ya kuhesabu matairi.

Sasa tuingie kwenye milima, maana hapa ndipo Ituri na Kivu zinapotofautiana na bonde la Kinshasa. Bunia iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mashariki yake Milima ya Bluu inaporomoka hadi Ziwa Albert, ambalo liko kwenye mita 620 hivi. Kusini, Rwenzori inafika mita 5,109 na kwa siku nyingi huwa imejifunika wingu. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya misaada ya Air Serv aina ya Beechcraft 1900 iliyotoka Kisangani iligonga mgongo wa mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa. Watu 17 waliokuwamo walikufa. Ajali ya aina hiyo, ndege kuongozwa mpaka kwenye mlima ambao rubani hauoni, ni adui wa zamani wa usafiri wa anga, na kuna chombo kilichobuniwa kwa ajili yake peke yake.

Mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka 2023, alianza kukitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1960. Toleo la kwanza lilitegemea redio inayopima kimo kwa kuangalia chini tu. Mlima ukiwa mkali kama ukuta, onyo lilifika zikiwa zimebaki sekunde chache. Katika miaka ya 1990, baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika, timu ya Bateman ilinunua ramani za Kisovyeti zilizopima vilima vya sehemu kubwa ya dunia, ikaziingiza kwenye kompyuta. Tangu hapo chombo hutambua ndege ilipo kwa GPS, hulinganisha na ramani iliyo ndani yake, na huangalia mbele. Mlima ukikaribia, sauti ya mashine hupaza: ardhi, ardhi, inua juu. Vilima ambavyo majenerali wa vita baridi walivipima kwa nia yao wenyewe vimeokoa abiria wengi wasiojua habari za vita hiyo.

Kidonda chetu kiko hapa. Chombo hicho hakijui kwamba unataka kutua ila kama kiwanja unachokiendea kimo katika orodha yake. Kama hakimo, kwake wewe ni ndege inayokwenda kugonga ardhi, na kitapiga kelele. Viwanja vya udongo vya mashariki mwa Kongo, vya misheni, vya hospitali, vya migodi, vingi ni vifupi na havimo kwenye orodha za namna hiyo. Rubani anayetua huko hufanya nini? Mbele yake kuna kitufe cha kunyamazisha onyo la milima. Hukibonyeza kabla ya kushuka, ndivyo utaratibu unavyomruhusu akiwa anaiona ardhi kwa macho. Kesho hukibonyeza tena. Baada ya miezi, kidole kinakwenda chenyewe, hata siku ya ukungu. Chombo kimefanywa kuwa mbwa anayebwekea kila mgeni, na wenye nyumba wamezoea kumfokea anyamaze.

Dunia imeshalipia somo hili. Tarehe 10 Aprili 2010, ndege ya Rais Lech Kaczyński wa Poland ilikuwa ikishuka Smolensk, Urusi, kwenye uwanja wa kijeshi ambao haukuwamo katika orodha ya chombo, kukiwa na ukungu. Onyo lilipaza mara nyingi. Halikutiiwa kwa wakati, na watu 96 wakafa. Tarehe 9 Mei 2012, huko Indonesia, ndege mpya ya Sukhoi ikiwa kwenye safari ya maonyesho ilipokea onyo karibu na Mlima Salak. Rubani alidhani data za chombo zina kasoro, akalizima. Walikufa 45. Katika ajali zote mbili mashine ilikuwa imesema kweli.

Tiba ya kidonda hiki haina mkanda wa kukata, na pengine ndiyo sababu haina mwanasiasa wa kuidai. Kila kiwanja kinachotumika Ituri kipimwe na mpima ardhi mwenye kifaa sahihi: ncha mbili za njia, urefu, kimo, vizuizi vya karibu. Vipimo vitolewe kwa mfumo wa WGS-84, ambao Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliupitisha uwe wa dunia nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Si suala la urembo. Alama za ramani zilizochorwa kwa mifumo ya zamani zinaweza kupishana na GPS kwa mamia ya mita, na mamia ya mita karibu na kilima ni kaburi. AAC ichapishe vipimo hivyo, kampuni zinazotengeneza data zivichukue, na fundi wa kila ndege aviingize. Data za safari za anga hubadilishwa duniani kote kila baada ya siku 28. Fundi anayeacha mizunguko sita ipite kwa sababu ada ya data ni ghali amemkabidhi rubani ramani ya nchi nyingine.

Nyankunde inatupa mfano wa karibu wa kwa nini viwanja hivi vidogo ni jambo la serikali. Hospitali ya kiinjili ya hapo, iliyoanzishwa mwaka 1965 na iliyo umbali mfupi tu kutoka Marabo, ilikua pamoja na kiwanja chake. Shirika la ndege la kimisionari, MAF, lilikuwa na kituo pale, na ndege zake ndogo ziliwachukua madaktari, dawa na wagonjwa kutoka zahanati zilizotawanyika msituni, huku phonie, redio ya mawasiliano ya mbali, ikipokea habari za asubuhi kutoka kila kituo: nani anaumwa, mvua imenyesha wapi, njia imekauka au bado. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wakauawa kwa mamia, hospitali ikaporwa. MAF ikahamishia kazi yake Bunia. Hospitali imerudi kwenye miguu yake, na ndege bado ni mkono wake wa mbali. Kiwanja cha namna hiyo kikiachiwa wamisionari wakipime, wakitangaze na kukilinda peke yao, dola imekubali kwamba anga la raia wake wa kijijini si lake.

Lipo pia jambo la mnara wa Bunia. Altimita, saa ya kimo, husoma mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa mita. Mgandamizo hubadilika kwa saa na kwa mahali, kwa hiyo rubani anayekuja huomba namba ya siku hiyo kutoka mnarani na kuizungushia kwenye saa yake. Hektopaskali moja ikikosewa, rubani amepewa au amenyang'anywa takriban mita 9 za hewa. Kumi zikikosewa, ni mita 90 hivi, na rubani haoni dalili yoyote kwamba saa yake inamdanganya. Namba hiyo hutoka kwa mtu mmoja, mwenye kipima-hewa kimoja, mbele ya redio moja. Kipima-hewa hicho kina tarehe ya kukaguliwa. RVA, shirika la serikali lililopewa viwanja na uongozaji wa ndege tangu 1972, pamoja na METTELSAT, wakala wa hali ya hewa, vinadaiwa cheti cha ukaguzi huo, redio ya akiba, na umeme usiokatika wakati ndege iko hewani. Mwongozaji wa ndege naye anadaiwa jambo lisilogharimu faranga: rubani akirudia namba aliyoisikia, asikilize marudio hayo mpaka mwisho.

Tangu 2024 kumeongezeka tatizo ambalo mafundi wetu hawakulisomea. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilitangaza kwamba mawimbi ya GPS yanazibwa na kughushiwa katika Kivu Kaskazini, ikasema chanzo kiko katika maeneo yanayoshikiliwa na waasi wa M23 na jeshi la Rwanda, na kwamba ndege za misaada zimo hatarini. Kuziba ni kitu kimoja: chombo hupoteza setilaiti na hukiri kwamba kimepotea. Kughushi ni kubaya zaidi, maana chombo hupokea mawimbi ya uongo yenye sura ya kweli, kikamwonyesha rubani yuko mahali ambapo hayupo, bila aibu. Kile chombo cha milima tulichokitaja kinategemea GPS. Kikidanganywa, kinaweza kupaza onyo juu ya tambarare au kunyamaza mbele ya mlima. Ndege inayotoka Bunia kwenda kusini haihitaji kuwa na uhusiano wowote na vita ili iingie katika uongo huo.

Wanaoziba na kughushi mawimbi hayo wanajua wanachofanya, na ndege ya wagonjwa ikipotea kwa sababu yao, hiyo haitakuwa ajali. Lakini dola ya Kongo nayo haina ruhusa ya kukunja mikono na kulaumu jirani. GPS imeuzoeza ulimwengu kuiacha mitambo ya zamani ya ardhini, ile minara ya VOR na NDB inayompa rubani mwelekeo bila kutegemea setilaiti. Katika eneo la vita mitambo hiyo ni akiba ya lazima. Iwashwe, ikaguliwe kwa ndege ya vipimo kama kanuni zinavyotaka, na iliyokufa itangazwe kuwa imekufa, rubani asije akaitafuta gizani. Kampuni nazo ziwafunze marubani wao kuzima GPS kwa makusudi wakiwa kwenye mazoezi na kurudi nyumbani kwa dira, saa na redio. Kijana aliyejifunza kuruka kwa kufuata mstari wa rangi kwenye kioo hajamaliza kujifunza.

Tukishasema ya kuzuia ajali, tuseme ya baada yake. Mkiani mwa ndege nyingi kuna ile redio ya kuita msaada: kisanduku cha rangi ya machungwa au njano chenye ukubwa wa tofali, kimefungwa kwa mikanda ya chuma, na waya unaokwenda hadi kwenye antena fupi juu ya bodi. Ubavuni kuna kibandiko chenye tarehe ya betri. Ndege ikigonga, kishindo hukiwasha, nacho huanza kutuma kwa masafa ya megahezi 406 namba ambayo ni yake peke yake. Namba hiyo husikika angani na setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Umoja wa Kisovyeti, Marekani, Kanada na Ufaransa katikati ya uhasama wao wa vita baridi, na ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982. Huduma hiyo ni bure kwa anayeokolewa, awe milionea wa Geneva au muuza samaki wa Kasenyi.

Ila setilaiti hupokea namba tu. Jina la mwenye ndege, simu ya kampuni, aina ya ndege, vyote hutoka kwenye daftari ambalo mtu ardhini alipaswa kulijaza. Kisanduku kisichoandikishwa hulia kama mtoto asiyejulikana ni wa nani, na waokoaji hupoteza saa wakitafuta wa kumuuliza. Zipo pia redio za zamani zinazotuma kwa megahezi 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Mwenye ndege anayeruka juu ya msitu wa Ituri na redio ya namna hiyo mkiani, akitegemea setilaiti, amebeba pambo.

Thamani ya saa hizo tunaijua. Tarehe 10 Oktoba 2019 Antonov 72 iliyobeba watu wa msafara wa rais iliruka Goma kuelekea Kinshasa, ikatoweka kabla ya saa moja ya safari kutimia. Zilipita siku kabla mabaki hayajafikiwa huko Sankuru. Ile ya Kenya Airways tuliyoitaja ilianguka chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya Douala, lakini utafutaji ulipelekwa kwanza zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na ilichukua karibu siku mbili kuipata. Kama ndege ya msafara wa rais na ndege ya kampuni kubwa zinatafutwa hivyo, mtu wa Marabo aliyepanda ndege ya viti tisa atatafutwa vipi chini ya miti ya Mambasa, ambako kutoka juu huoni hata mto?

Kuandikisha namba ni kazi ya karani mmoja mwenye kompyuta. Nchi hii iliwahi kukodisha eneo kubwa la Shaba (Katanga) kwa kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi ili irushe roketi: ya kwanza iliruka Mei 1977, na jaribio la Juni 1978, lililotazamwa na Mobutu mwenyewe, likaanguka. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Tulikuwa na ardhi ya kutosha kwa ndoto za watu wengine kwenda angani. Tusiambiwe kwamba hatuna daftari.

Abiria naye ana lake, ingawa ni dogo. Kompyuta ya ndege huhesabu kasi ya kupaa kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Anayempa mpakiaji noti ili kilo zake zisiandikwe ameidanganya kompyuta na watu wote waliomo. Tumeliona hilo kwenye viwanja vya mashariki, na tunaliita kwa jina lake: ni hujuma.

Inabaki dola. Tangu Machi 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwake, Kongo imo humo, na leo kila kampuni yenye cheti cha Kongo imo. Wakubwa wetu hulalamika kwamba orodha hiyo ni dharau. Orodha hiyo inahusu uwezo wa mamlaka ya anga kuzisimamia kampuni zake, na uwezo huo hauonyeshwi kwa hotuba. Huonyeshwa kwa mkaguzi anayefungua mkia wa ndege pale Bunia na kusoma tarehe ya betri, kwa ndege kuzuiwa chini tarehe hiyo ikiwa imepita, na kwa ripoti. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka taarifa ya awali ya ajali ndani ya siku 30 na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 inapowezekana. Vinasa vya ndege vimejengwa kustahimili moto na kishindo ili vizungumze baada ya wenye sauti kunyamaza. Je, ni ajali ngapi za Ituri na Kivu ambazo mjane wa kawaida ameweza kusoma ripoti yake ya mwisho? Ripoti iliyofungiwa kabatini Kinshasa imewazika wafu mara ya pili, na mbaya zaidi, imemnyima rubani wa kesho alichojua marehemu.

Fedha hazikosekani kabisa. Kila anayeruka Bunia amelipia Go-Pass, karatasi ambayo ilipoanzishwa mwaka 2009 iligharimu dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa ya nje, na ilitetewa kwa maneno ya kuendeleza miundombinu ya viwanja. Rada ya mvua ni miundombinu. Kipima-hewa cha mnarani ni miundombinu. VOR ni miundombinu. RVA ibandike ukutani, pembeni ya dirisha zinapouzwa karatasi hizo, orodha ya kila miezi mitatu: kiasi kilichokusanywa Bunia, kiasi kilichorudi Bunia, na jina la kila mtambo wa uwanja pamoja na hali yake, unafanya kazi au umeharibika, na tangu lini. Iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, na isainiwe na kamanda wa uwanja. Tunataka ya kwanza iwe ukutani kabla mvua za Agosti hazijaanza.